Ngozi Mbili kutoka Olbalbal

Ukalimani niliuanza nikiwa na miaka kumi hivi, nyumbani kwetu Kansay, nikiwa nimekaa katikati ya watu wazima wawili ambao hawakuwa na lugha moja. Mmoja alikuwa baba yangu, mkulima, Mwiraqw ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya mahindi. Mwingine alikuwa rafiki yake, mfugaji wa Kimaasai kutoka Olbalbal, kule kwenye mbuga kavu chini ya milima ya kreta. Yeye alijua Kiswahili cha mnadani. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shule. Akisema jambo, nilimgeuzia baba kwa Kiiraqw, na baba akijibu nilimgeuzia mgeni kwa Kiswahili, na walikuwa wakinisifu wote wawili.

Urafiki wao ulikuwa wa mabua. Kila mwaka tukishavuna mahindi na maharage, kiangazi kikiwa kimeishika Olbalbal kooni, yule mzee alikuja na ng'ombe wake kwa mwendo wa siku kadhaa, na baba akamfungulia mashamba. Ng'ombe walikula mabua, wakatuachia samadi. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Majirani zetu wengi walikuwa na marafiki wa namna hiyo, na shamba lililokosa ng'ombe wa wageni lilijulikana kwa rangi ya mahindi yake msimu uliofuata.

Juu ya hilo walikuwa wamewekeana ng'ombe. Baba alikuwa ameacha mtamba wake kwenye zizi la rafiki yake, akazaa, na wa rafiki yake alikuwa kwetu, naye akazaa. Sheria ilikuwa moja: ng'ombe wa mwenzako akifa mikononi mwako, unampelekea ngozi. Aone kwa macho yake kwamba hukumuuza wala hukumla. Asiyeleta ngozi ni mwizi, hata kama analia.

Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu niliyajua yote siku niliyosimama uwanjani na kusema nilichosema. Sikuwa mjinga. Ningekuwa mjinga ningelala usingizi.

Nilikua, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikafundisha Historia na Uraia kwa muda mrefu, zaidi pale Endamarariek. Jumapili nilikuwa mkalimani wa kanisa. Wahubiri walikuja kutoka Arusha na Moshi na mahubiri yao mazuri, na wazee wetu walikaa kimya kama magogo mpaka mimi niliposema. Nilijifunza haraka kwamba kutafsiri maneno hakutoshi. Mhubiri akisema kondoo amepotea, mimi nilisema amepotea kwenye lile korongo la chini ya kisima, na akina mama wakashtuka, kwa kuwa kila mmoja amewahi kupoteza kondoo pale. Mhubiri alisema tajiri, nami nikaongeza kwamba ni yule mwenye bati jipya anayewanyima watu njia. Watu wakacheka, mhubiri akafurahi, na mimi nikavishwa kilemba cha ukoka nikaamini ni cha hariri. Ikawa wanasema mwalimu anatafsiri hadi maiti anaelewa.

Sasa ni lazima niseme kidogo juu ya siasa, maana bila hiyo nitaonekana nimeanza mimi.

Nikiwa mwanafunzi tuliimbishwa nyimbo za kupe. Kupe alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wengine, na kila mtoto wa mfugaji alielewa somo hilo bila kuchorewa ubaoni. Ndiyo miaka ile watu walipohamishiwa vijijini. Baba aliniambia baadaye kwamba alikuja msemaji mmoja hodari, akasema kupe wako katikati yenu mnawatazama, na watu wakageuka wakamtazama mwenye duka. Lilikuwa duka moja tu: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti. Baada ya wiki chache mwenye duka alifunga akaondoka na familia yake. Baba alikuwa mmoja wa waliopiga makofi. "Nilipiga kwa nguvu," alisema. "Halafu mama yako akawa anatembea siku nzima kutafuta chumvi."

Nyimbo za kupe zilikwisha, vyama vikawa vingi, na kila kipindi kikaja na adui wake. Mara adui ni waliokula nchi. Mara ni mafisadi, mara mabeberu, mara wanaowaonea wanyonge. Sisemi maadui hao hawakuwapo. Wezi walikuwapo na wapo, nami nimewaona wakijenga. Ninachosema ni kwamba kwenye jukwaa mwizi hakutajwa kwa jina wala kwa kazi. Aliitwa "wao", na sisi tukaitwa "nyinyi wananchi mnaoteseka", na nafasi ya kati ikaachwa tupu ili kila kijiji kijaze chake. Darasani nilikuwa nalieleza jambo hili vizuri sana. Nilikuwa nachora duara ubaoni, ndani naandika "sisi", nje naandika "wao", nawauliza watoto nani yuko nje, nao wananyoosha mikono kwa furaha. Kila mtoto alikuwa na mtu wa kuweka nje.

Nilikuwa nimeshastaafu kampeni zilipofika. Ilikuwa majira ya mavuno, kama kawaida ya uchaguzi wetu. Alikuja mgeni wa kitaifa, mtu wa chama ambacho sitakitaja kwa sababu siku hizi vyote vina msemaji wa aina yake, kuwaombea kura wenzake huku kwetu. Walihitaji mkalimani kwa ajili ya wazee. Wakaniita. Nilivaa koti langu la kanisani.

Uwanja wa shule ya Kansay ulijaa. Spika zilipiga muziki mpaka mbwa wakahama. Akina mama waligawiwa kanga na vijana fulana, na baba yangu, akiwa na umri uliozidi sana themanini, aliletwa na kigoda chake akawekwa mbele pamoja na wazee wenzake. Kabla mgeni hajapanda, wazee walitoa slufay, ile baraka yetu ambayo mmoja anatamka na wote wanaitikia, mvua inyeshe, watoto wakue, maneno yatakayosemwa yawe matamu. Baba ndiye aliyetamka. Sauti yake ilikuwa imekonda lakini ilifika.

Mgeni alikuwa anajua kazi yake. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasema yeye ni mtoto wa mkulima aliyelala na njaa. Nikatafsiri. Akasema shida zenu nazijua, nami nikazitaja shida zenyewe: bwawa lililojaa tope, tembo wanaoshuka msituni kula mahindi, barabara ya Karatu wakati wa masika. Hakuwa ametaja hata moja. Watu walinguruma, naye akanitazama kwa jicho la shukrani.

Kisha akasema: "Kuna watu wanakula jasho lenu! Mnawajua!"

Akanyamaza, kama walivyozoea huko kwao, ili watu wapige kelele. Nikatafsiri. Hakuna aliyepiga kelele. Kwenye mkutano wa Wairaqw mtu hashangilii jambo ambalo halijaonyeshwa lilipo. Mzee mmoja, jirani wa baba, aliinua fimbo yake akauliza kwa Kiiraqw, kwa adabu kabisa, "Ni watu gani hao? Awataje."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwenye mkutano wa siasa, na kazi yangu ilikuwa kuligeuza kwa Kiswahili na kumpa mgeni, ajibu au akwame mbele ya watu. Ndiyo kazi iliyonileta pale. Lakini mgeni alikuwa ananitazama akingoja, umati ulikuwa unanitazama, na mimi nilikuwa na mazoea yangu ya kanisani. Sikumpa swali. Nililijibu mwenyewe.

Nilisema kwa Kiiraqw: "Ni wale wanaongoja tuvune, halafu wanatujia na midomo yao mia kunyonya shamba ambalo hawakulilima. Kupe wenye miguu miwili."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nasema hivyo, lakini najua. Lilitoka kwenye nyimbo za shule, na kwenye ugomvi mdogo wa mwaka uliotangulia, ng'ombe walipoingia kwenye mbaazi za jirani. Lilitoka kwenye ile sauti ya watu wanapokaribia kucheka. Uwanja uliitika. Vijana waliruka, akina mama wakapiga vigelegele, na mgeni akaurudia mstari wake mara tatu akidhani ni wake.

Kwenye gari aliniuliza, "Mwalimu, uliwaambia nini pale?"

"Nimetafsiri tu, mheshimiwa."

Akacheka akanigonga begani. "Endelea hivyohivyo."

Nikaendelea. Siku ile nililisema Kansay, kesho yake nikalisema Endamarariek, na keshokutwa mahali pengine, na nilikuwa nimeshalinyoosha liwe tamu zaidi. Mara ya kwanza naweza kuita kuteleza. Hizo mbili nilizikusudia.

Jioni ya siku ya kwanza baba alikuwa amekaa kando ya ukuta anaota jua la mwisho. Aliniuliza, "Yule mgeni anawajuaje watu wa Olbalbal?"

"Wakubwa wanajua kila kitu, baba."

Alinitazama usoni. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Rafiki yake alifika mwezi mmoja baadaye, kura zikiwa bado hazijapigwa. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya hata huku juu. Tuliliona vumbi la ng'ombe kwanza, kwenye tuta la magharibi, halafu likasimama pale pale. Wakati wa chai ya saa nne lilikuwa bado limesimama. Mtoto wa jirani alikuja kusema watu wamefunga njia.

Baba alitaka kwenda, miguu ikakataa. Akaniambia, "Nenda wewe. Wewe wanakusikiliza."

Nilikuta watu kama thelathini wamejipanga na fimbo, vijana na wenye nyumba zao, wengine nimewafundisha kusoma. Hawakuwa wamempiga mtu, nawapa haki yao. Upande wa pili, mbali kidogo, ng'ombe walikuwa wamesimama vichwa chini, mbavu zinahesabika, na yule mzee alikuwa mbele yao ameegemea fimbo yake, na vijana wake wawili nyuma. Shuka lake lilikuwa limefifia kwa jua.

"Jamani," nilisema, "huyu ni rafiki wa mzee wangu. Mnamjua. Mpisheni."

"Mwalimu," alijibu mmoja, kijana aliyekuwa amevaa ile fulana ya kampeni, "si ulitwambia mwenyewe pale uwanjani? Kupe wenye miguu miwili."

"Yalikuwa maneno ya mgeni."

"Basi mgeni kasema kweli. Au ulitafsiri vibaya?"

Wakanitazama. Ningesema nini? Ningesema ndiyo, mgeni hakutaja mtu, ni mimi niliyetaja, nimewadanganya, fungueni njia. Yalikuwa maneno machache tu, na Kiiraqw changu ni kizuri. Niliyaona yote yamejipanga kinywani. Lakini nilikuwa mwalimu wao, na mkalimani wa kanisa, na nilikuwa nimevaa kofia niliyopewa na msafara wa kampeni.

"Mpisheni mwaka huu tu," nilisema. "Mwakani tutaongea."

"Kupe naye ana rafiki?" akasema mwingine, na wote wakacheka, na mimi, Mungu anajua, nilitabasamu nao kidogo ili nisionekane nimeudhika.

Yule mzee aliniona kwa mbali. Aliinua mkono. Aliona nimesimama katikati ya watu waliomfungia njia, akadhani nimemtetea nikashindwa. Niliinua wangu. Akageuza ng'ombe.

Nilirudi nikamwambia baba wamekataa. Aliuliza kama nimewaambia vizuri. Nikasema nimewaambia vizuri. Wiki nzima mashamba yetu yalikaa na mabua yake yamesimama, yakikauka na kuvunjika bure kwa upepo, na mwishowe tukayachoma moto. Sikuwa nimewahi kuona watu wakichoma chakula na samadi kwa moto mmoja, lakini tulifanya hivyo, na baadhi walishangilia.

Uchaguzi ukapita. Mgeni wa kitaifa hajarudi, wala simlaumu kwa hilo, hatukuwa na ahadi naye ya kurudi. Bwawa lina tope lake. Tembo wanashuka kama zamani. Mvua za vuli zilichelewa sana, na habari za Olbalbal tulizipata kwa vipande kutoka mnadani: mizoga, watu kuhama, maziwa kukosekana kwa watoto. Siku za mnada baba alikuwa anakaa nje tangu asubuhi, uso kwenye njia.

Mahindi yalipokuwa yamefika magotini, yule rafiki yake alikuja. Alikuja kwa mguu, peke yake, bila ng'ombe hata mmoja, na hakuna aliyemfungia njia kwa kuwa mtu asiye na mifugo hakuna anayemwona. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Mgongoni alikuwa amebeba mzigo uliofungwa kwa kamba. Aliutua mbele ya kigoda cha baba, akaufungua kwa shida, vidole vimekakamaa. Zilikuwa ngozi mbili za ng'ombe, ngumu kama mbao, moja nyekundu na moja yenye mabaka meupe ubavuni. Baba aliinama akapapasa ile yenye mabaka mpaka akapata alama ya kwetu iliyochomwa pajani. Ndio waliokuwa wamebaki wa uzao wa yule mtamba wake.

Mtu aliyepoteza karibu zizi zima alikuwa ametembea siku zote hizo ili baba asije akadhani amemwibia.

Mke wangu alileta chai ya maziwa. Nilikaa chini kati yao, kwenye ardhi ile ile niliyokuwa nakaa nikiwa mtoto, magoti yananiuma. Kwa muda walisalimiana tu, nami nikigeuza huku na huku: watoto, mvua, miguu, waliokufa. Kisha mzee akaweka kikombe chini.

"Mwambie baba yako," alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani, taratibu, "mimi sina hasira na yeye. Nyumba yake najua. Lakini nataka kuuliza neno moja. Wale walisema sisi ni kupe. Hilo neno halikuwepo hapa. Miaka yote halikuwepo. Nani alileta?"

Nikamgeuzia baba. Sikuacha kitu.

Baba hakunitazama mara moja. Alikuwa bado ameshika ile ngozi. Maishani mwake sikumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mgeni anayeomba. Alikuwa mtu ambaye kijiji kilimpa slufay aitamke kwa sababu kinywa chake kilikuwa safi, na mwenye kinywa kichafu akitamka baraka, kwetu tunasema amemwaga maji jangwani. Aliinua macho akaniangalia, kwa muda wa kutosha mimi kuelewa kwamba alikuwa anajua tangu siku ile ya uwanjani. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Mwambie," alisema kwa Kiiraqw, "aliyesema alikuwa mgeni. Alipita tu. Ameshakwenda."

Ningeweza kusema lolote. Baba asingeelewa Kiswahili changu, na mzee asingeelewa Kiiraqw cha baba. Hapo kati nilikuwa peke yangu, kama nilivyokuwa uwanjani. Maisha yangu yote nimeongeza maneno pale ambapo hayakuwapo, na siku ile lilikuwa limebaki neno moja tu la kuongeza, jina langu.

Nikatafsiri neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza.

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Alionekana amepumua. Alichukua kikombe chake akanywa chai iliyobaki, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka.

"Basi ni vizuri," alisema. "Nilikuwa naogopa ni mtu wa hapa."

Baba aliniuliza amesema nini. Nikamwambia.